Kumwandaa Yeyo Kupimwa

Watu wengi hapa Karatu huja kwangu na karatasi zao. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na ubao umenizoesha vibaya: nikiona mtu hajaelewa jambo, siwezi kuondoka mpaka nimemchorea. Huja kijana aliyeoa mgeni, huja binti aliyepata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, huja mama anayeitwa na wanawe. Kila mmoja ana barua inayomtaka akapimwe afya kabla hajapewa kibali cha kuhamia nchi ya watu, na kila mmoja ana woga uleule. Nawakalisha barazani, nawamiminia chai, naanza kueleza.

Beba pasipoti yenyewe, kopi haitakusaidia. Beba miwani kama unavaa. Dawa unazomeza ziandike zote, hata zile za kununua dukani. Asubuhi hiyo usikojoe ukaisha, maana watakuomba kidogo. Watakutoa damu mkononi, watakupima urefu na uzito, watakupiga picha ya kifua. Hakuna chumba utakachoingia ukaumizwa. Na hakuna anayefeli kwa kuwa hakusoma.

Nikishamaliza orodha huweka kikombe chini na kuuliza swali langu mwenyewe: nyumbani kwenu, ni nani aliyeugua ambaye hamumtaji? Wengine hushtuka. Wengine husema hakuna, kisha kabla chai haijapoa wanaanza kusimulia. Swali hilo nilijifunza kuliuliza nikiwa nimechelewa, na waliolipia kuchelewa kwangu ni mama yangu na mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alifuata kazi mbali, akaolewa hukohuko, katika nchi ambayo maziwa yake huganda hadi watu wakatembea juu ya maji. Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia alianza kumwombea yeyo kibali cha kwenda kuishi naye. Yeyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai. Wakati ule yalikuwa maombi ya mtoto anayetaka kumtunza mzazi. Barua ya kumwita yeyo akapimwe ilipofika, mambo yalikuwa yamegeuka, na wa kutunzwa alikuwa yeye mdogo wangu. Alikuwa na ugonjwa wa damu, na dawa za huko zilikuwa zimeanza kushindwa.

Alinipigia simu wakati tunavuna maharage. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, vumbi la maganda limenijaa kwenye nywele.

"Dada," akasema, "mlete yeyo kabla ziwa la hapa halijaganda. Baada ya hapo sijui."

Nilimuuliza daktari wake anasemaje. Akanijibu kwamba daktari anasema kama yeye alivyosema, ila kwa maneno mengi. Kisha akataka yeyo aje na kibuyu cha maziwa, kwa sababu maziwa ya kunywa ya huko hayana harufu ya moshi.

Nikapiga mahesabu yangu kichwani. Karatasi zote zilikuwa zimekubaliwa, lililobaki lilikuwa kipimo cha afya. Yeyo akipita hapo, pasipoti inakwenda ubalozini, inarudi na kibali, anapanda ndege. Niliona njia imenyooka. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda Nainokanoka, kijijini kwetu milimani, kumchukua.

Kule juu ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi, na watu huishi ndani yake kama ndani ya shuka. Yeyo alikuwa amekwisha kuaga kabla sijafika. Ndama aliyempenda alikuwa amempa mke wa kaka yangu mdogo, na kibuyu alikuwa amekisafisha kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia. Tulishuka naye siku ileile, tukapita lango la hifadhi, tukaingia Karatu jua likiwa kali. Mapambo yake yote alikuwa nayo: shanga pana za shingoni, hereni ndefu, na vile vipuli vya shaba vilivyoviringwa kama konokono ambavyo mama huvaa akiwa na watoto waliokua. Katika maisha yangu nilikuwa nimemwona bila vitu hivyo mara mbili tu. Mara ya kwanza baba alipofariki. Ya pili nitaisema.

Tulikuwa na siku kumi kabla ya kipimo, nami nikaigeuza nyumba yangu hospitali. Nilitaka yeyo asikutane na kitu chochote kigeni. Kwenye ukuta wa baraza nilichora kwa chaki zile alama za kupimia macho kwa watu wasiosoma, kama mkono wenye vidole vitatu, mmoja unaelekea juu, mwingine chini, mwingine kushoto. Nikamsimamisha mbali, nikamwambia anionyeshe kwa mkono vidole vinaelekea wapi.

Aliangalia ukuta kwa makini. "Hii ni alama ya ng'ombe wa nani?"

Mume wangu akacheka nyuma ya ghala. Yeye ni Mwiraki, mkulima wa hapahapa Karatu, lakini tangu anioe ameishika heshima ya kwetu kuliko sisi wenyewe: mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, kwa hiyo siku zote alizokuwapo yeyo alikula nyuma ya ghala na kutoa maoni yake huko huko. Akasema, kwa sauti ya kutosha kufika barazani, kwamba kabla mama hajapimwa macho amtafutie yeye mbuzi wake walioibwa mwaka juzi, labda atawaona kutoka hapo alipo. Yeyo alijifanya hakusikia, ila mabega yalimtikisika.

Nilimfundisha kukaa kimya damu ikitolewa. Nilimfundisha kukojoa kwenye kikopo, jambo aliloliona la kipuuzi, akaniuliza kama nchi ile haina mikojo yake. Mdogo wangu alipopiga simu jioni, walicheka wote wawili juu ya meno. Kwetu wazee waling'olewa meno mawili ya chini wakiwa watoto, na mdogo wangu alimwambia yeyo kwamba daktari akiuliza, ajibu kuwa aliyauza apate nauli. Nilimsikia akicheka kule mbali, kisha akakohoa, kisha akanyamaza tukasubiri arudi.

Siku ya nne nilifika kwenye picha ya kifua. Nilimsimamisha yeyo aelekee mlango wa stoo, kifua kikigusa ubao. Nikamweleza kwamba mashine haipendi shaba wala chuma, hivyo mapambo ya shingoni na masikioni itabidi yavuliwe, nikamletea bakuli la bati ayaweke. Aligeuka akanitazama.

"Amekufa nani?"

Nilielewa mara moja nilichokuwa nimemwomba. Kwetu mwanamke wa umri wake havui mapambo hayo hivihivi, huyavua akifiwa. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la nne habari za mwanga na kivuli: kwamba picha ile hupita nyama na kuonyesha mifupa, na shaba hutupa kivuli juu ya pafu, na daktari akikuta kivuli hatajua ni cha shaba au cha ugonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atayavua ndani ya chumba hicho tu, na atayavaa kabla ya kuvuka kizingiti, mtu asije akamwona.

Kwa ajili ya mazoezi akayavua palepale, moja moja, akayalaza kwenye bakuli. Shingo yake ilionekana nyembamba mno. Nikamwambia avute pumzi aishike. Alipokuwa ameishika, akaingia mama mmoja wa kwetu, rafiki yangu, anayewauzia watalii shanga kando ya lami. Alimwona yeyo masikio matupu, uso mlangoni mwa stoo, hapumui. Akaweka mkono mdomoni, akakaa chini palepale na kuanza kulia. Alilia kwa dhati, akataja pole zote, na mimi nilikuwa bado natafuta neno la kumzuia. Yeyo ndiye aliyegeuka, akatoa pumzi yote kwa mkupuo, akasema kwamba hakufa mtu, ni mwalimu anacheza shule. Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Yule mama akamtania yeyo kwamba machozi yake ni ya bei, atayadai siku ya kuondoka.

Baada ya hapo ilibaki sehemu ya maswali. Nilikuwa na karatasi yenye yale watakayouliza, nami nilimfanyisha mazoezi kama ya mtihani. Umri? Hapo tulikubaliana na pasipoti. Umewahi kulazwa? Umewahi kupasuliwa? Unatumia dawa gani? Chini kidogo palikuwa na swali: umewahi kuugua kifua kikuu, au kuishi na mtu aliyekiugua? Nililiona swali hilo siku ya kwanza. Kila siku nilipolifikia niliruka, nikaenda kwenye la sukari.

Nieleze sababu. Miaka ishirini na kitu iliyopita, nikiwa mwalimu mpya, nimepanga chumba kimoja hapa mjini, walikuja kwangu wawili wanakohoa: yeyo, na mwanawe wa kwanza, kaka yangu mkubwa. Walianzishiwa dawa katika hospitali moja huku kwetu, siku moja. Kila asubuhi kwa miezi nilisimama mbele yao na maji, nikahakikisha wamemeza. Yeyo alipona. Kaka alikuwa amechelewa kuja. Alipofariki, yeyo alivua mapambo, na hiyo ndiyo mara ya pili niliyosema. Kadi zao mbili za matibabu zilikuwa katika kopo moja. Kopo lile liliondolewa pamoja na vitu vya kaka, nami sikuuliza lilipelekwa wapi.

Na tangu siku ile jina lake halikutajwa. Wanaotujua wanajua kwamba aliyekufa kwetu haitwi tena, asije akarudi. Mwanangu wa kwanza alikuwa amepewa jina la mjomba wake. Tukalibadilisha akiwa na miaka miwili, akalia wiki nzima tunamwita asiitike. Yeyo mwenyewe watu walikuwa wakimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, mama wa fulani, kama ilivyo desturi. Wakaacha, wakaanza kumwita mama wa mtoto wa pili. Alibatizwa baadaye, anakwenda kanisani, lakini jambo hilo halikubadilika. Huwezi kusema "nilitibiwa kifua" bila kusema ulitibiwa pamoja na nani. Kwa hiyo ule ugonjwa wake nao ulizikwa.

Mimi, ninayeeleza kila kitu kwa kila mtu, niliona hilo sitaweza kumweleza yeyo. Nikajiambia: alipona, ni miaka mingi, pengine hawatauliza.

Waliuliza. Hospitali tuliyoelekezwa ilikuwa Arusha, na kwa kweli walitupokea vizuri. Yeyo alikaa kwenye benchi wima kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha. Macho alipita. Damu alitoa bila kukunja uso, na mkojo alileta kikopo kimejaa mpaka juu, akakikabidhi kwa mikono miwili. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliuliza kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Alipofika kwenye lile swali, nililigeuza kwa Kimaasai neno kwa neno. Yeyo aliangalia dirishani.

"Hakuna," akasema.

Nikamgeukia daktari. "Anasema hapana."

Nimelifikiria sana lile neno langu, anasema. Sikusema hapana. Nilisema anasema, nikajificha nyuma ya mgongo wa mama yangu.

Chumba cha picha kilikuwa na kijana aliyemwita yeyo bibi na kumletea kisahani cha mapambo bila kuambiwa. Inaonekana aliwahi kuwapiga picha mama zetu wengine. Yeyo alivua, akavuta pumzi, akaishika vizuri kuliko nyumbani. Akavaa vyote kabla ya kutoka, hata akaniomba nimtazame kama hereni zimekaa sawa. Tulikaa nje tukila ndizi. Kisha daktari akaniita peke yangu.

Juu ya pafu la kulia palikuwa na kovu. Alinionyesha kwenye kioo, kama kipande cha ukungu kilichosahaulika. Akauliza tena, kwa upole uleule, kama mama hajawahi kutibiwa kifua kikuu. Nikasema tena kama mwanzo. Basi akanieleza, nami nikajikuta nasikiliza kama wanavyonisikiliza watu barazani. Kovu kama hilo ni lazima wahakikishe kwamba halina ugonjwa ulio hai. Watachukua makohozi asubuhi tatu mfululizo, wayaoteshe maabara, wangoje wiki nane. Na kwa kuwa hakuna rekodi ya matibabu wala picha ya zamani ya kulinganisha, hata makohozi yakiwa safi itabidi wapige picha nyingine baada ya muda, waone kama kovu limebaki vilevile. Angekuwa na rekodi, hiyo ya pili isingehitajika.

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba kuna kuchelewa kidogo. Akauliza kidogo ni kiasi gani, nikamwambia. Akasema sawa dada, ziwa bado.

Wiki nane yeyo alikaa kwangu. Kila Jumamosi alikuwa akimwuliza mume wangu, kupitia kwangu, kupitia ukuta wa ghala, kama mahindi yamekauka. Makohozi yakarudi safi. Nilifurahi siku moja. Kisha tukaanza kungoja ile picha ya pili, na mdogo wangu kwenye simu akaanza kuongea kwa sentensi fupi. Mumewe, shemeji yetu, akawa ndiye anayeshika simu, anaiweka karibu na mdomo wa mkewe. Yeyo alikuwa anamwimbia nyimbo za kubembeleza watoto, na yeye kule anapumua tu.

Wiki tatu zilipita hivyo. Asubuhi moja yeyo alinikuta nafua, akaketi juu ya jiwe.

"Picha hiyo wanayongoja," akasema, "mtoto wangu ataingoja?"

Nilisugua nguo ileile muda mrefu. Nikasema hapana, yeyo, hataingoja.

"Na kuna njia ya kutoingoja?"

Ndipo nikamwambia. Nikamwambia kwamba rekodi ya matibabu yake ingetosha, kwamba pengine hospitali ile bado ina daftari. Nilisema nikitazama povu. Nilikuwa nangoja anyanyuke aondoke. Aliniuliza jambo moja tu: nililijua hilo tangu lini? Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Hakunigombeza. Alikwenda ndani akavaa viatu.

Masjala ya hospitali ilikuwa na dirisha dogo na karani mwenye subira. Tulimpa pasipoti ya yeyo na mwaka. Alishusha daftari kubwa la wagonjwa wa kifua, jalada limeliwa pembeni, akatafuta jina la kwenye pasipoti kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Hakuliona. Akarudia mwaka uliotangulia na uliofuata. Hakuliona. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwenyeji wa hapa na anajua watu wake, akauliza:

"Wakati ule bibi alikuwa anaitwa mama nani?"

Palepale nikafahamu. Yeyo hakuwa na pasipoti wakati ule, wala hakuwa amebatizwa. Aliandikwa kama alivyojulikana: mama wa yule mwanawe wa kwanza. Alikuwa amelala mle daftarini miaka yote chini ya jina ambalo sisi sote tulikuwa tumelizika.

Karani alingoja. Nyuma yetu watu walikuwa kwenye foleni, mtoto analia. Mimi nilikuwa nalijua jina. Lilikuwa jina la kaka yangu, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule.  

Yeyo aliweka mikono miwili kwenye kizingiti cha dirisha, akalitaja.

Hakulinong'ona. Alilisema kama mtu anavyomwita mwanawe aliye malishoni, ng'ambo ya korongo, arudi kuna chakula. Siliandiki hapa. Si langu kuliandika. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa kwenye foleni aligeuza uso.

Karani alifungua ukurasa, na baada ya dakika chache akaligeuza daftari ili tuone. Walikuwa pamoja, mstari juu ya mstari, mwana na mama, tarehe ileile ya kuanza dawa. Mwisho wa mstari wa mwana pameandikwa amefariki. Mwisho wa mstari wa mama, amepona. Yeyo hajui kusoma. Aliuliza mwanawe yupo mstari gani, nikamwonyesha. Akaweka kidole hapo, akakiacha mpaka karani alipomaliza kuandika.

Barua iliandikwa, ikagongwa muhuri. Daktari wa Arusha aliipokea, akaomba na maelezo ya kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, tukayapata. Hakutulaumu. Alisema wengi hufanya hivyo, akatuma majibu. Wiki iliyofuata tukatakiwa kupeleka pasipoti ubalozini, tukaipeleka. Yeyo alikisafisha kibuyu upya.

Shemeji alipiga simu mchana, siku mvua za vuli zilipoanza, matone ya kwanza yanapiga bati. Nilijua kabla sijapokea, kwa sababu kwake ilikuwa usiku wa manane. Aliongea maneno machache, nami nilisema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Nilipotoka barazani yeyo alikuwa ananitazama.  Alinyanyuka akaingia stoo, akatoka na lile bakuli la bati, akakaa, akaanza kuvua. Shanga za shingoni. Hereni. Vipuli vya shaba vilimsumbua, nikapiga magoti nikamsaidia. Rafiki yangu muuza shanga alikuja kujikinga mvua. Alituona, akasimama kidogo, akasubiri mtu amwambie kwamba ni mwalimu anacheza shule. Hakuna aliyemwambia. Mume wangu alitoka nyuma ya ghala, akasimama mvuani mbele ya mama mkwe wake, kofia mkononi.

Nimezihesabu zile wiki tatu mara nyingi. Zile nane zilikuwa za maabara, hizo sizidai. Hizo tatu ni zangu. Kama siku ya kwanza nisingeruka swali lile, yeyo angekuwa amefika, angalau amkute anapumua, amwimbie bila simu. Watu wenye huruma huniambia kwamba huenda jambo lingine lingechelewesha. Huenda. Nawashukuru.

Pasipoti ilirudi baada ya mwezi bila kibali. Ndani yake palikuwa na barua: kwa kuwa aliyemwombea amefariki, maombi yamefungwa. Yeyo alitaka nimsomee. Nilimsomea kwa Kimaasai, taratibu, nikaruka jina la mdogo wangu palipoandikwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Masikio yake yalikuwa bado matupu.

"Unaruka," akasema.

Nikasema ndiyo, naruka jina.

 Nje mume wangu alikuwa anapanda maharage, jembe lake linasikika. Yeyo akasema kwamba tangu siku ile ya dirishani, yule mwanawe hajarudi kumsumbua, kama tulivyokuwa tukiogopa. Alikuja mara moja tu, akasema, usingizini, akakaa mbali kidogo na moto kama zamani, akaondoka.

"Anza mwanzo," akaniambia. "Usiruke."

Nikaikunjua barua upya, nikasoma kuanzia juu, na nilipofika kwenye jina nililisoma.